Saa Kumi na Mbili ya Mama Pasi

Msusi wa chumba cha mbele hakuwa mtu wa kulala na jambo tumboni. Hata hajamaliza mstari wa tatu kichwani mwa Mama Kichanga, akalitoa.

"Wewe uliyepakana naye ukuta, husikii? Mama Pasi anaongea na ndoo."

"Ndoo gani tena, dada?"

"Ya maji. Kila asubuhi saa kumi na mbili. Anatia mikono ndani, anaiambia mambo. Mtu kaacha kanisa huu mwaka wa tatu, mjane, hana hata paka, sasa anaongea na nani? Na degedege la mwanao lilikuja saa ngapi?"

Nywele za Mama Kichanga zilikuwa mikononi mwa msusi, na katika hali hiyo binti hana ubishi.

"Saa kumi na mbili," msusi akajijibu mwenyewe, akakaza kitana. "Baba mwenye nyumba tumeshamfikishia. Jumamosi kikao, hapa hapa uani. Ama ahame yeye, ama tuhame sisi. Na wa kuulizwa ni wewe, maana ukuta ni wenu. Inamisha kichwa, mdogo wangu."

Jina la Mama Kichanga alibandikwa na wapangaji siku aliyoletwa pale na tumbo la miezi minane, miaka yake kumi na tisa, mume yuko machimboni na simu yake inaita anapojisikia. Kusikia alikuwa amesikia. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, ukipiga chafya huku unaambiwa pole kule. Kila asubuhi, akiwa ananyonyesha, sauti ya Mama Pasi ilipenya, kavu, kama ya karani anayehakiki mzigo:

"Hii sakafu. Ni baridi. Haya maji. Hii sabuni, inanuka limau. Huu mkono wangu, una kovu la pasi. Leo Jumanne. Niko hapa."

Kisha maji yanamwagwa, mlango unafungwa, na Mama Pasi huyo anakwenda zake kwa dobi, mahali anaponyoosha mashati ya watu tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Degedege nalo lilikuja kweli. Siku hiyo mtoto alichemka, akakakamaa, macho yakageuka. Mama Kichanga alipiga ukuta ngumi moja. Ya pili haikufika, mlango ulikuwa umeshafunguliwa na Mama Pasi yuko ndani, mikono inachuruzika maji mpaka viwiko. Alimlaza mtoto ubavu, akamvua nguo, na alipotulia akambeba, wakaenda mbio zahanati, mama mtu mzima yule, miguu mitupu.

Mtoto alipopewa dawa na kulala, wawili hao wakabaki kwenye benchi la zahanati. Mama Kichanga akasema, "Nilikukatiza shughuli yako, mama. Unisamehe."

"Kunikatiza ndiko ninakotaka," alijibu Mama Pasi. Akaanza kusimulia, macho ukutani kama anasoma bango.

Kanisani kwake kulikuwa na mnyororo wa maombi. Kila muumini alishika saa yake moja ya siku, akapiga magoti kwake nyumbani, na kanuni ilikuwa moja: huinuki mpaka saa yako iishe na mwenzako aishike, mnyororo usikatike. Yake ilikuwa ya kumi na mbili mpaka saa moja asubuhi. Aliishika miaka tisa. Walikuwa wakimsifu kwa hilo, naye akipenda kusifiwa.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, mwenye pumu. Asubuhi moja, mke yuko magotini sebuleni, mume akagonga ubao wa kitanda kule chumbani.

"Aligonga mara nne. Nilizihesabu, mwanangu. Saa ilikuwa imebakiza dakika ishirini. Nikasema moyoni, mimi niko kazini kwa Mungu, na Mungu yuko kazini kwangu. Saa moja kamili nikasema amina. Nikakunja kitambaa changu cha magoti, pembe kwa pembe, ndipo nikaenda kumtazama."

Mama Kichanga alimshika mkono. Ulikuwa mgumu kama gome.

"Bado hujasikia. Jumapili mchungaji akanisimamisha mbele. Akawaambia, mwoneni dada huyu, mauti yamo chumbani kwake na mnyororo hakuukata. Wakapiga makofi. Kuna aliyepiga vigelegele. Nami nimesimama pale kama shati kwenye kiango. Ile ndiyo mara yangu ya mwisho kukanyaga kanisa."

Kuacha alidhani kutakuwa kuacha. Lakini mwili uliijua saa. Ikifika kumi na mbili magoti yanalegea yenyewe, jasho linamtoka, pumzi inakatika, na moto wa jehanamu asiouamini tena unamchoma vilevile. Aliyemsaidia ni nesi mmoja aliyekuwa akimpima presha: mama, ukianza kutetemeka, shika kitu kilicho mbele yako, kitaje kwa sauti. Mama Pasi alimcheka moyoni. Kesho yake kulikuwa na ndoo mbele yake.

Mengine aliyaongeza mwenyewe. Kusimama miguu mitupu kwenye saruji, maana magoti hayawezi kujikunja wakati nyayo zinasikiliza. Kunusa sabuni. Kwa dobi, kabla ya shati la kwanza, kuweka kiganja karibu na uso wa pasi, asikie joto, avute pumzi tatu bila kuharakisha. Jumapili, kengele zikilia, anatoka anatembea anahesabu milango ya maduka yaliyofungwa, akifika themanini anageuka. Na sheria moja tu juu ya zote, akigongewa anaacha hapo hapo, hata neno akilitamka nusu.

"Inakusaidia, mama?"

"Inanifikisha saa moja. Basi. Usidhani kuna kingine kule."

Maneno hayo ya zahanati ndiyo Mama Kichanga aliyotoka nayo kwa msusi siku ile, kichwa kinamuuma na mistari imekaza. Alikata shauri. Hakungoja Jumamosi. Jioni, Mama Pasi aliporudi, alimfuata chumbani na mtoto mgongoni, akamwamkia, akamweleza yote, ndoo, degedege na kikao.

Mama Pasi alikuwa amekaa kitandani anajikanda vifundo vya miguu. Hakuacha kujikanda.

"Kwa hiyo nimemloga niliyembeba."

"Ndivyo wanavyosema. Lakini usiogope, mama. Nitasimama niwaambie ukweli wote. Mnyororo, marehemu baba, nesi, ndoo. Wakisikia watakuonea huruma."

"Chumba cha kwanza nilichopanga, nilisema ukweli," alisema Mama Pasi. "Walinionea huruma sana. Walileta watu sita wakaniwekea mikono kichwani, wakanikemea pepo mpaka jioni. Nilipowakataza wasirudi, nikafukuzwa. Cha pili nilinyamaza, wakasema nina siri, nikafukuzwa. Cha tatu nilitoka mwenyewe, niliwaona wanavyonitazama." Akaachia mguu. "Hiki cha nne. Miguu yangu imechukua mwaka mzima kuizoea hii sakafu. Nikitolewa hapa, sina mwaka mwingine wa kuanza, mwanangu. Nakwambia kweli. Ile saa itanikuta barabarani na itanimaliza."

"Sasa niseme nini?"

Nje msusi alikuwa anacheka na mteja, kicheko cha mtu asiye na deni la usingizi. Mama Pasi alisubiri kipite.

"Wewe unasali?"

"Nasali, mama. Kila siku."

"Najua. Nakusikia, ukuta haupitishi upande mmoja. Unamwombea mtoto, unamwombea yule wa machimboni, na mwezi huu umeanza kuniombea na mimi."

Mama Kichanga aliinamisha uso. Aliona haya kama aliyefumaniwa.

"Sikugombezi. Ila ndiyo maana watakuamini wewe, hawataniamini mimi." Mama Pasi alimtoa mtoto mgongoni mwa mama yake, akampakata, akamtazama vidole, kimoja kimoja. Sauti yake ilikuwa ile ile ya asubuhi, kavu. "Jumamosi wakikuuliza, usiwaambie habari za nesi. Usimtaje mume wangu, kifo chake kimeshapigiwa makofi mara moja, inatosha. Waambie nasali. Waambie kila saa kumi na mbili unanisikia nimepiga magoti namtaja Mungu. Najua ni uongo, na najua kwako ni dhambi. Nakuomba uibebe."