Mikono Nyuma

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule moja hapa Newala, nikisubiri mhuri kwenye barua ya mjukuu wangu. Kupitia dirisha nikaona mama mmoja akimshusha bintiye mgongoni na kumpa magongo mawili mapya ya mbao. Mtoto ni wa darasa la awali, miguu yake haina nguvu. Mbele yake kulikuwa na uwanja wa mchanga hadi mlangoni mwa darasa, ambako mwalimu wake alisimama, mikono nyuma.

Katikati ya uwanja gongo moja likazama mchangani. Mtoto akaanguka kifudifudi. Mama akaanza kufungua kanga ya kumbebea.

"Funga kanga yako, Mama Somoe," mwalimu alisema, bila kupaza sauti.

"Watu wanaangalia, mwalimu. Watasema simpendi mwanangu."

"Watanisema mimi."

Kengele ikalia, watoto wengine wakaingia darasani. Yule mmoja akavuta gongo, akapiga goti, akainuka huku anatetemeka. Nilipojitazama, mkono wangu ulikuwa umeshapita kwenye nondo za dirisha.

Akafika. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa. Kesho uwahi kama wenzako."

Mtoto akatabasamu kama aliyepewa zawadi.

Huku kwetu mapenzi ya mzazi hupimwa kwa mgongo wake. Jioni mjukuu wangu, mwenye miguu yake yote mizima, alininyooshea begi la shule nimbebee. Nikaweka mikono nyuma.