Mishumaa Niliyopuliza Mjini

Siku niliyotimiza miaka ishirini na moja, rafiki zangu wawili wa chuo, Nadège na Trésor, walinipeleka mjini kula samaki. Hawakutaja siku yangu ya kuzaliwa hata kidogo. Nikajua wananiandalia kitu, nikaanza kuogopa, maana mbele za watu mimi huishiwa maneno.

Mezani waliinamia simu ya Trésor, wakinong'ona na kucheka. Nilienda chooni mara mbili kujizoeza kushukuru mbele ya kioo.

Niliporudi, wahudumu walitoka jikoni wakiimba, wamebeba keki, wanakuja upande wetu. Nikasimama jasho likinitoka. Keki ilipofika karibu, nikafumba macho na kupuliza mishumaa yote.

"Merci sana, bandugu yangu! Mumenifurahisha..."

Wimbo ukakatika. Nilipofumbua macho, mama mmoja mwenye mvi, meza ya nyuma yetu, alikuwa ananitazama. Mjukuu wake alikuwa analia.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "ile gato iko yangu."

Nikamgeukia Nadège aniokoe. Simu ya Trésor mbele yake ilionyesha mechi ya mpira. Alinitazama, akashika mdomo.

"Kumbe na weye ni leo?"