Sabuni ya Fundi wa Kiomboi

Fundi wa mashine pale Kiomboi hakuwa mtu wa kunawa. Alisema kunawa ni kazi ya makarani, kisha anakupa mkono uliojaa grisi, na ukisita anakucheka. Petroli aliionja kwa ulimi kwanza, akakunja uso, akatangaza, "Hii wameitia maji," hata kama ni safi. Siku Bwana Shauri wa serikali alipokuja na kipaza sauti kutuamuru tupunguze ng'ombe, jenereta yake ndogo ya kubeba ilikuwa inavuja kwenye tangi. Fundi akaziba ufa kwa nta ya nyuki, kama tunavyoziba vibuyu vyetu, na petroli ikaiyeyusha nta yote. Ndipo akatoa mfukoni kipande cha sabuni ya mche, akakisugua na kukikandamiza mpaka ufa ukaziba. Tulishangaa: sabuni, yeye? Mkewe Luciana hakushangaa. Wiki nzima alikuwa akiitafuta sabuni hiyo nyumbani, na mumewe akiapa kwamba imeliwa na panya.

Hotuba ilipoanza, fundi akiwa mbele anapokea sifa, mama huyo aliinama nyuma ya jenereta, akaibandua sabuni yake, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaenda zake. Petroli ikamwagika yote. "Kila mwenye ng'ombe kumi," kipaza sauti kilisema, "atatoa..." Kikazimika. Vigelegele! Wazee wenye ng'ombe wakamfuata fundi kumshukuru kwa ushujaa wa kukizima. Walimkuta amepiga magoti kando ya jenereta, anapapasa akitafuta sabuni. Akainuka taratibu, akajifuta jasho, akanong'ona, "Semeni polepole, wazee wangu. Mtanifungisha."