Nusu ya Uso wa Baba

Mchwa walikula nusu ya baba. Picha yake pekee ilitundikwa ukutani nyumbani Kibosho, na siku mama alipoishusha ili ukuta upakwe rangi, akakuta jicho moja, nusu ya mdomo na udongo. Mimi ni kitindamimba. Baba alifariki kabla sijajua kutembea. Uso mzima ulibaki kwa mama tu, kichwani.

Nikamwambia asilie, nitaurudisha. Chuoni nilikuwa naandika programu inayoiga ubongo unavyokumbuka: unaufundisha mtandao wake, yaani seli za kubuni zilizounganishwa kama za ubongo, picha kadhaa, kisha ukiupa kipande cha mojawapo, wenyewe unaikamilisha. Kilichonikera tangu mwanzo ni kwamba unakamilisha kile tu ulichofundishwa, na picha nzima ya baba sikuwa nayo. Nikaufundisha nyuso za baba zangu wadogo, babu na kaka zangu, nikiamini damu itasaidia.

Hovyo kabisa! Ukoo wetu tumefanana mno, mtandao ukatuchanganya wote. Nikiupa lile jicho moja, unaniletea mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, kidevu cha babu, pua ya baba mdogo. Nikapunguza picha, nikaongeza, nikabadilisha hesabu. Chumbani kwangu mtaa wa Pasua, mjini, umeme ukikatika katikati ya kazi, naanza upya huku naitukana kompyuta kana kwamba inasikia.

Kila Jumapili baada ya misa nilimpelekea mama jaribio jipya. Anaacha kumenya ndizi, anafuta mikono kwenye kanga, anatazama kwa muda mrefu.

"Siyo huyu," anasema. "Hebu sogeza mdomo kidogo."

Nasogeza.

"Siyo."

Nilikuwa nakasirika hadi masikio yanawaka moto. Nikishuka mjini, naanza tena.

Jumapili moja nikafungua kompyuta nikiwa na hakika. Mama hakuinua hata kichwa.

"Funga hicho kitu."

"Mama, ya leo imekaribia kabisa."

"Nimesema funga." Kisu kikatulia mkononi mwake. "Zamani nikifumba macho namwona baba yako anatoka kihambani, kwenye migomba, kabeba majani ya ng'ombe. Sasa nikifumba wanakuja hao wa kwako. Yeye namtafuta, simpati."

Nilielewa mara moja, maana ndilo tatizo lililokuwa linanitesa miezi yote: ukirundika nyuso zinazofanana, ule wa kwanza unazama. Nikazifuta zote palepale kwenye kompyuta, mbele yake. Kichwani mwake sikujua zinafutwaje.