Mstari Uliopinda

Sikusoma sana, niliachia darasa la tatu. Lakini majina siyasahau. Kila mwanamke aliyewahi kukaa nasi kwenye kile kibanda tunachosugulia mawe namjua kwa jina lake na la mamake. Hapa sitamtaja hata mmoja, maana wengine bado tunasalimiana kanisani.

Kwetu Kisii wanaume huchonga mawe laini. Sisi wanawake tunayasugua kwa msasa na maji, tunayaanika yapate joto, tunayapaka rangi, halafu tunakwaruza michoro kwa wembe mpaka weupe wa jiwe utokee. Mke mwenzangu, yule mdogo, hakugusa wembe kabla ya kuchora kwa penseli. Anapima, anafuta, anapima tena. Nilikuwa namcheka. Mimi nikisugua nilisikia mshipa wa jiwe kwa kidole gumba, na hata rangi ikishaufunika, wembe wangu uliufuata. Sikujua mchoro utaishia wapi. Ningejua, ningechoka nao kabla ya kuanza.

Basi siku moja nikapata sahani ya jiwe ambayo mshipa wake ulipinda ghafla katikati, kama ua la mgomba linavyoinama. Nikaufuata. Mnunuzi, kijana wa Nairobi, akaishika muda mrefu.

"Shosho, hii ndiyo nataka. Nitengenezee arobaini kama hii."

Nikamwambia shosho ni bibi wa Wakikuyu, na kwamba jiwe lile halikuwa na pacha. Akacheka, akaacha agizo, akaniachia na ile sahani niitazame.

Nilijaribu, Mungu anajua. Kumi za kwanza zilitoka kila moja na sura yake, kama watoto wa nyumba moja. Aliporudi akazipanga chini, akatikisa kichwa.  Mke mwenzangu akachukua ile sahani yangu ya kwanza, akaifunika kwa karatasi nyepesi, akafuata mstari wangu kwa penseli mwanzo hadi mwisho, kisha akaunakili kwenye nyingine. Mwezi haukuisha, arobaini zilikuwa tayari. Zote zimepinda katikati, mahali ambapo mawe yenyewe hayakupinda.

Tangu hapo mchoro ule unaitwa wake. Wanawake wanatoka hata upande wa Suneka kuja kufundishwa. Nilimwendea jikoni kwake nikamuuliza mbona hasemi mchoro ulikotoka. Hakukana.

"Dada, wewe uliuokota tu. Mimi ndiye niliyeutengeneza."

 Ni kweli sikuupanga. Lakini mtoto naye hupangi sura yake, na bado hakuna anayekuambia umemwokota.

Mwaka jana mgeni mmoja kati ya wale wanaokuja kufundishwa aliniona nikikwaruza bakuli nilivyozoea. Akaniinamia, akaniita mama mzee kwa heshima: omong'ina, unamwiga mke mwenzio vizuri, ila hapa umekosea. Nililiweka lile bakuli chini. Sikulimaliza.

Sasa mke mwenzangu anachora kwa penseli, mimi nakwaruza juu ya mstari wake. Juzi kidole kilisikia mshipa ukienda kushoto, na penseli imeenda kulia. Nikasimamisha wembe. Mke mwenzangu hata hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake.

"Fuata penseli, dada."

Nikafuata. Ilikuwa sahani ya pili tu asubuhi hiyo, na zilikuwa zimebaki nyingi.