Kiambaza cha Upande wa Kusi

Nyumba yetu ya Gando ilikuwa nzuri pande tatu. Upande wa nne, ule unaotazama kusi, ndio ulionizeesha kabla ya wakati wangu. Kila masika mvua ilikuja na upepo ikakipiga kiambaza ubavuni, ikaula udongo kidogo kidogo hata fito zikachomoza kama mbavu za ng'ombe mgonjwa. Na kitanda changu kilikuwa papo hapo, nyuma ya kiambaza hicho. Nililala nikisikia udongo ukidondokea mvunguni. Kiangazi tulikandika upya. Masika tukarudi kule kule.

Mume wangu hakuwa mvivu. Nikimwita mvivu nitakuwa nimemdhulumu. Maradhi yake yalikuwa kutaka shauri. Hakumpita mtu njiani bila kumuuliza, na kila aliyemuuliza alimgeuza.

"Tutakivisha nguo," alisema mwaka ule nilipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. "Kiambaza kikivaa, mvua haikipati."

"Nguo gani?"

"Ndiyo ninayoitafuta."

Akaenda Wete kutazama mabati. Vita vya dunia vilikuwa havijaanza na mabati yakipatikana madukani. Akarudi mikono mitupu, kwa kuwa njiani alikutana na mtu aliyemwambia kwamba bati la karibu na pwani huliwa na chumvi. Basi akageukia makuti. Tukakaa mie na mama mkwe wangu tukasuka hata vidole vikachubuka. Yalipokuwa tayari, mtu mwingine akamwambia kuti la ukutani hufuga mchwa na nyoka. Makuti yale tukayapikia. Halafu akasikia habari za mbao zilizopakwa lami, akaenda hadi Shumba kuitazama nyumba yenyewe. Aliporudi alisema nyumba ni kavu kweli, lakini harufu ya lami imemuumiza kichwa.

Mama mkwe tulikaa naye nyumba moja, na yeye shauri lake lilikuwa moja halibadiliki.

"Bati haliingii hapa. Nyumba ya bati joko. Mchana unaokwa, na mvua ikinyesha husikii hata adhana."

"Mama, la ukutani, si la paa," mume wangu akamjibu.

"Bati ni bati, mwanangu."

Mwisho wake mume wangu akaja na madebe, yale ya mafuta ya taa, matupu. Akayapasua, akayanyoosha kwa nyundo uani kutwa nzima. Kuku walihama. Mie tumbo limenilemea, kila nyundo ikishuka mtoto anaruka ndani. Lakini nilinyamaza, maana angalau sasa ameshika kitu kimoja.

Nilipotoka kumtazama akipigilia, moyo ulinishuka. Alianzia juu, chini ya upenu, akiteremka. Kila safu ya chini aliilaza juu ya ile iliyotangulia, midomo ikaelekea mbinguni.

"Baba watoto," nikamwambia, "paa hili si umeliezeka mwenyewe? Kuti ulianzia wapi?"

"Chini."

"Kwa nini?"

"Kuti la juu lilalie la chini, maji yateremke."

"Na madebe je?"

Akakitazama kiambaza, akanitazama mie. "Kuti kuti, debe debe. Mtu wa Wete kaniambia nianze juu, maana mvua hutokea juu."

Nikaingia ndani nikalala. Ningefanya nini?

Nikajifungua salama, mtoto mwanamume, na masika yakaingia. Kwa nje kiambaza kiling'ara, watu walikuja kukitazama na mume wangu akawaeleza. Kwa ndani kikaanza kutoka jasho. Ukungu ukaota, godoro likanuka. Nilipomwambia, alitoka nje, akapitisha kiganja juu ya debe mvua ilipokatika na jua likawaka, akarudi kifua mbele.

"Kavu!"

Arubaini ya mtoto ikafika, tukasomesha maulidi. Siku hiyo jua lilitoka kali baada ya mvua za kutwa kucha. Wanaume walikaa majamvini nje, upande wa kusi, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na uwanja. Wanawake tulijaa chumbani kwangu. Joto lilikuwa kubwa, tukavua ukaya vichwani, mwingine kafungua kifua ananyonyesha, mwingine anasukwa nywele. Kwanza nilisikia kitu kama mtu anayeguna. Halafu kiambaza kikajikunja kiunoni na kwenda chini, udongo na madebe yake, kishindo kikapoteza maneno ya msomaji katikati ya aya.

Vumbi lilipotua, tulikuwa tunatazamana na wanaume wa kijiji kizima.

Aliyewahi kusema ni mama mkwe. "Geukeni! Hamna haya? Geukeni!" Wakageuka wote kwa pamoja, hata shehe, wakabaki wakitazama migomba. Sisi tukawa tunagombania kanga. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia; udongo ulianguka nje, na majamvi yalikuwa mbali kidogo.

Mume wangu akiwa bado ametugeuzia mgongo, nikamsikia akimuuliza aliyekaa naye:

"Yakhe, weye ungeweka nini hapa?"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nilikuwa mtoto wa watu, mkwe wa watu, sikuwahi kuinua sauti mbele ya wanaume.

"Asijibu mtu!" nikasema. "Asimjibu mtu yeyote! Mwaka mzima mnamjibu, na mie ndiye ninayelala humu. Paa libaki makuti, mama apate baridi yake. Ukuta huu utavaa bati, nalo litaanzwa chini. Na upenu ushushwe. Nimemaliza."

Msomaji akakohoa, akairudia aya yake tangu mwanzo.

Kiambaza kilijengwa upya, na mabati yakafika kwa gari la ng'ombe kutoka Wete wiki iliyofuata. Nilisimama na mtoto begani tangu msumari wa kwanza hadi wa mwisho, na kila mume wangu alipofungua mdomo nilimwonyesha chini kwa kidole. Masika yaliyobaki yalipita, ukuta haukutoa hata tone. Kelele ilikuwepo, nisiseme uongo. Mvua ya upepo ikilipiga bati lile mtoto alishtuka akalia. Lakini godoro lilikauka.

Ajabu ni mama mkwe. Aligundua kwamba bati likipigwa na jua linakausha nguo na dagaa upesi kuliko kamba, akalifanya lake. Ukitaka kuanika pale uombe ruhusa.

Na mume wangu? Watu wakaanza kuja kumuuliza yeye. Nilikuwa jikoni nikimsikia anavyowaeleza: "Mie niliona mapema, ukutani bati, juu kuti. Na uanze chini, yakhe. Watu wengi hawajui hilo." Nilichochea moto mpaka ugali ukaungua.