Muhuri wa Zambarau

Walisema mtoto wa muuza chapati wa Kawempe hatafika popote, na akifika atarudi mikono mitupu. Nilirudi kutoka Nairobi na diploma ya ukaguzi wa nyama. Nimeitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona.

Wenzangu wa enzi za magendo, chini ya utawala wa wanajeshi, mtakumbuka: sukari ilikuwa hadithi, sabuni tuliikata kwa uzi. Sisi watoto tulipigana mihuri ya zambarau mapajani kwa wino wa shule, kama nyama iliyopita kwa mkaguzi. Maziwa hayakunywewa mabichi. "Yachemshe mpaka yakuogope," mama alisema.

Idd moja mama alinunua nyama kwa sajini aliyegawiwa bucha ya Mhindi aliyefukuzwa. Watu kama yeye, waliotajirika ghafla kwa mali za wengine, tuliwaita mafuta mingi. Sajini aliileta mwenyewe, akaketi kibarazani akingoja sifa. Mama akaitia nyama kwenye beseni. Maji yakageuka zambarau, muhuri ukayeyuka wote. Nikanusa: ule ulikuwa wino wetu wa mchezo, si ule wa mkaguzi usiotoka kwa maji.

Mama akanong'ona, "Kibudu." Ng'ombe alikuwa amejifia. Lakini nani angemwambia mwanajeshi? Siku hizo mtu alitiwa kwenye buti la gari kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Afande," mama akasema kwa adabu, "muhuri umetoka."

"Hiyo muhuri imemaliza kazi, mama. Imeenda kupumzika."

"Basi kaa tule pamoja. Ini nakupikia wewe kwanza."

"Mimi?" Sajini akasimama upesi. "Mimi nakula kuku tu."

Akaondoka bila kuaga. Mama akaizika nyama kwenye shimo refu, akamwagia majivu. Tukala maharage, majirani walionunua kwa sajini wakatucheka. Kesho yake majirani waligombea choo, nasi tukawapisha kwa heshima zote.

Vijana wa leo wana friji na simu. Wanaipiga picha nyama ya kuchoma ikiwa bado inavuja damu, kisha wanaila na kulaumu pilipili.

Waliosema sitafika sasa hawachinji ng'ombe wa harusi bila kuniita, na wananiita Daktari, siwasahihishi. Ila deni langu halikuwa kwao. Idd ya kwanza baada ya kurudi, nilimpelekea mama paja lenye muhuri wangu. Akalitia kwenye beseni, akausugua muhuri kwa kidole gumba. Akausugua tena. Maji yalibaki meupe.

"Haya," akasema, "washa moto."